Op-ed ni nini hasa? Mkurugenzi ameniagiza niandike, ofisini kila mtu ana maana yake

MtuWaKizota

Wakuu habari za asubuhi, poleni na vumbi la mji wetu.

Nipo hapa Dodoma, kitengo cha mawasiliano, shirika dogo linalofanya kazi na wakulima wa zabibu. Jina nalihifadhi, ugali wangu unatoka huko. Jana jioni mkurugenzi kanitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Andaa op-ed kuhusu mchuzi wa zabibu, itoke gazetini kabla Bunge halijaahirishwa." Basi. Mchuzi, kwa wasio wa huku, ni maji ya zabibu zilizokamuliwa, yanayotengenezewa mvinyo. Mkurugenzi mwenyewe kashapanda treni kwenda Dar, simu inapatikana kwa kubahatisha.

Nimeuliza ofisini. Mhasibu anasema op-ed ndiyo tahariri kwa Kiingereza. Dada wa miradi anasema ni ule ukurasa wa rangi ambao taasisi inalipia, na ameshaniuliza natoa wapi bajeti. Kijana aliyemaliza chuo juzi anasema ni kifupi cha "opinion editorial", yaani tahariri yenye maoni. Nikamuuliza, kwani kuna tahariri isiyo na maoni? Akarudi kwenye kompyuta yake.

Sasa nataka kujua hiki kitu ni nini, anayeandika ni nani, jina linalokaa juu ni la nani, na kama kweli kinalipiwa. Naomba msaada wa haraka maana leo hii nataka nianze kuandika.

Naomba kuwasilisha.

KitiChaMbele

Ngoja waje wenye fani yao. Naweka kiti.

MuuzaMagazetiDom

Mkuu mimi naning'iniza magazeti kila siku kuanzia alfajiri. Wateja wangu wako wa aina tatu: anayesoma vichwa vya habari amesimama halafu anaondoka bila kununua, anayeanza na kurasa za michezo, na wazee wachache wanaofungua katikati moja kwa moja. Hao wa katikati ndio wanaobishana. Sijui hiyo op-ed ila nahisi inakaa huko.

KalamuNyekundu

Muuza magazeti kajibu vizuri kuliko ofisi nzima ya mleta uzi. Inakaa huko huko katikati, na jina lenyewe linataja mahali inapokaa.

Mimi nimekaa dawati la makala miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kulima Bahi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo. Mnivumilie.

Op-ed ni kifupi cha maneno "opposite the editorial page": ukurasa unaotazamana na ukurasa wa tahariri. Fungua gazeti la karatasi lililopangwa kwa mtindo huo. Upande mmoja kuna tahariri. Haina jina la mtu kwa sababu anayesema pale ni gazeti lenyewe. Hata kama imeandikwa na kijana mmoja saa nne usiku, ikishatoka ni kauli ya gazeti. Upande wa pili, uso kwa uso nayo, wanawekwa watu wa nje wenye majina na vyeo vyao: profesa, mkulima, balozi, daktari, mbunge. Hao wanasema ya kwao. Gazeti limewapa ukurasa, halijawapa mdomo wake. Kuwatenganisha kwa kurasa mbili ni namna ya kumwambia msomaji bila maneno kwamba hawa si sisi.

Historia yake ni ya New York. Mwaka 1921 Herbert Bayard Swope, mhariri wa New York World, aliona ukurasa ule unajazwa kila aina ya mabaki: uchambuzi wa vitabu, habari za wakubwa, tanzia. Akaufagia na kuwaweka waandishi waseme wanachofikiri. Ila wengi wao walikuwa watu wake wa ndani. Sura tunayoijua sasa, ya mgeni kabisa anayebisha hodi na hoja yake, ilisimama tarehe 21 Septemba 1970, New York Times ilipofungua ukurasa ulioitwa Op-Ed. Aliyeupigania kwa muda mrefu ni John Oakes, aliyekuwa akisimamia tahariri. Aliyekabidhiwa kuuendesha mwanzoni ni Harrison Salisbury, yule aliyewahi kuwa mwandishi wao Moscow. Na huko nako ilibidi tanzia zihamishwe ili nafasi ipatikane. Marehemu wamewapisha wenye maoni mara mbili katika mji mmoja.

Kwa hiyo kijana wenu wa chuo asichekwe. "Opinion editorial" ni kosa la watu wengi sana, na linaingia akilini kirahisi kwa sababu herufi zinalingana. Tatizo lake ni kwamba linageuza maana juu chini. Linafanya op-ed ionekane aina fulani ya tahariri, wakati jina lilitungwa ili kuitenga na tahariri.

Kuhusu malipo: hulipii. Ukilipia nafasi, hilo ni tangazo, hata liandikwe kwa Kiswahili kitamu namna gani, na gazeti lenye adabu litaandika juu yake kwamba ni tangazo. Dada wa miradi aweke bajeti yake mfukoni.

MtuWaKizota

Mzee KalamuNyekundu shikamoo. Umeshusha nondo. Sasa safu nayo? Kuna wale wanaoandika kila Jumatano, picha yao ipo juu, jina la safu lipo. Hao ni op-ed?

KalamuNyekundu

Marahaba kijana.

Mwandishi wa safu ni mpangaji: ana siku yake, nafasi yake, na msomaji anamjua. Mwandishi wa op-ed analala usiku mmoja anaondoka. Kwa Kiingereza siku hizi watu wanachanganya, kila chenye maoni kinaitwa op-ed, hata safu ya mwajiriwa. Kwenye mazungumzo sawa, ila ukimwandikia mhariri usichanganye. Atajua hujui unachoomba.

Chuo_Cha_Maisha

Samahani mzee, lakini mbona New York Times wenyewe wamelitupa hilo neno? Aprili 2021 walitangaza kwamba hawaiti tena Op-Ed, wanaita "Guest Essay", insha ya mgeni. Sababu waliyotoa ni kwamba wasomaji wengi wako kwenye simu, na kwenye simu hakuna ukurasa unaotazamana na mwingine. Kwa hiyo tunajifunza neno lililokufa?

KalamuNyekundu

Limekufa kwao, huku lipo hai. Hata mkurugenzi wa mleta uzi amelitumia jana jioni akiwa kwenye treni. Magazeti mengi ya Kiingereza bado yanalitumia, mashirika ya kimataifa yanalitumia kwenye kila hadidu za rejea, na ofisi za ubalozi ndiyo usiseme.

Lakini umegusa jambo kubwa zaidi ya jina. Karatasi ilikuwa inafanya kazi ya kueleza. Msomaji alikuwa anajua kwa macho tu kwamba hapa gazeti linasema na hapa mgeni anasema. Kwenye simu, habari, tahariri, safu na maoni ya mgeni vyote vinakuja kwa umbo moja, kichwa kikubwa na picha. Mtu anapiga picha skrini, anasambaza kwenye kundi la WhatsApp, na chini anaandika: "Gazeti fulani limesema." Gazeti halijasema. Kasema mtu mmoja aliyepewa nafasi.

Hata huko Marekani mpaka huo unawashinda. Juni 2020 seneta Tom Cotton aliandika op-ed New York Times akitaka jeshi litumwe kuzima vurugu mitaani. Wasomaji hawakumlaumu yeye peke yake, walililaumu gazeti, na wafanyakazi wa gazeti wenyewe wakaja juu. Siku chache baadaye James Bennet, aliyekuwa mkuu wa kurasa za maoni, akajiuzulu. Kwa nadharia ya ukurasa wa kutazamana alitakiwa kuwa salama. Hakuwa.

SautiYaAsubuhi

Hapo kwenye "gazeti limesema" naomba nichangie maana nipo redioni, kipindi cha asubuhi. Kila siku tunasoma vichwa vya magazeti. Mtangazaji ana dakika chache, magazeti yamerundikwa mezani, anasoma: "Gazeti hili linasema Serikali ifute tozo hii." Ukifungua ndani unakuta ni makala ya mwanaharakati ukurasa wa 12, na tahariri ya gazeti hilohilo siku hiyo inahusu usafi wa masoko. Kuna asubuhi mhariri alitupigia akiwaka kabla hata kipindi hakijaisha. Tangu hapo nimewawekea vijana sharti: kama ni maoni, taja jina la mtu kwanza, gazeti baadaye. "Fulani, katika gazeti fulani, anasema." Inaongeza sekunde mbili tu.

KitiChaMbele

Hiyo ya kutaja mtu kwanza nimeipenda. Endeleeni.

MzeeWaMakole

Vijana hamjambo. Naona mnakwenda New York mbali wakati mwaka huohuo wa 1970 kulikuwa na mambo hapa kwetu.

Februari 1970 Serikali ililitaifisha gazeti la The Standard la Dar es Salaam. Mwalimu akamweka Frene Ginwala kuwa mhariri mtendaji, mama wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Mwalimu alitaka gazeti la umma ambalo bado lina uhuru wa kukosoa. Mwaka 1971, baada ya Rais Numeiry wa Sudan kuwanyonga viongozi wa chama cha kikomunisti, The Standard ikaandika tahariri kali dhidi yake. Ginwala akaondolewa. Mwaka uliofuata The Standard na The Nationalist yakaunganishwa, likazaliwa Daily News, na mhariri wake akawa kijana aliyekuwa akihariri The Nationalist, Benjamin Mkapa. Huyo mnamjua alikofika. Ginwala naye alirudi kwao, na mwaka 1994 akawa Spika wa Bunge la Afrika Kusini.

Nawauliza nyinyi wataalamu: maneno yale juu ya Numeiry yangetoka kama op-ed ya mtu wa nje, mwenye jina lake, je, mama yule angebaki kitini?

KalamuNyekundu

Mzee wangu shikamoo. Hilo ndilo swali la kufundishia darasa zima la uandishi.

Jibu langu: pengine angekuwa na pa kujificha kidogo. Tahariri ya gazeti la Serikali kuhusu rais wa nchi nyingine inasomwa ubalozini kama kauli ya Serikali. Makala ya profesa wa Mlimani kwenye ukurasa wa pili ingesomwa kama makala ya profesa. Mwenye gazeti angeweza kumwambia balozi, hayo ni yake, karibu nawe uandike jibu. Ndiyo faida ya ukurasa ule kwa mwenye gazeti, na watu huisahau wakidhani faida ni ya mwandishi peke yake. Unampa mhariri uwezo wa kuchapa jambo ambalo gazeti lenyewe haliwezi, au halitaki, kulisema.

Sisemi angepona. Zama zile mpaka wenyewe ulikuwa mwembamba.

WakiliMlalahoi

Wakuu, msije mkampotosha mleta uzi. Kukaa upande wa pili wa tahariri si kinga ya kisheria. Ile sentensi ya chini, "maoni haya ni ya mwandishi na si lazima yawe ya gazeti hili", inasaidia heshima, mahakamani haikufikishi mbali. Ukimkashifu mtu ndani ya op-ed, anaweza kumfuata mwandishi, mhariri na mchapishaji kwa pamoja. Soma sehemu ya kashfa kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ilipitishwa hapahapa Dodoma Novemba mwaka ule.

Kinachokulinda ni kutenganisha ukweli na maoni. Maoni ya haki juu ya jambo lenye maslahi kwa umma yana utetezi wake, ila yasimame juu ya mambo ya kweli. "Naona bei hii inamuumiza mkulima" ni maoni. "Mnunuzi fulani anaiba kwenye mizani" ni madai ya jinai, na utaulizwa ushahidi hata kama umeanza na "kwa maoni yangu".

Mtumishi_Mtumba

Na sisi watumishi wa umma tunaweza kuandika? Nina hoja zangu kuhusu usafiri wa kwenda Mji wa Serikali, zimenikaa kooni.

WakiliMlalahoi

Katiba ibara ya 18 inakupa uhuru wa maoni kama raia. Ila utumishi una kanuni zake kuhusu kuzungumza na vyombo vya habari. Ukitia cheo chako chini ya jina, umeivuta ofisi ndani. Omba kibali kwa mwajiri wako, kwa maandishi. Na usitumie ulichokiona kwenye jalada.

MuuzaMagazetiDom

Huyo wa Mtumba aje aandike tu, nitakuwa mteja wake wa kwanza. Nauli ya bodaboda hadi kule inaniumiza mimi ninayepeleka magazeti.

MtuWaKizota

Asanteni sana wakuu. Nimeandika aya ya kwanza, naomba Mzee KalamuNyekundu aipitie bila huruma:

"Zabibu ni zao muhimu la biashara katika Mkoa wa Dodoma ambalo lina mchango mkubwa katika kukuza uchumi wa wananchi na taifa kwa ujumla. Shirika letu limekuwa mstari wa mbele katika kuhakikisha wakulima wanawezeshwa ipasavyo kupitia mafunzo mbalimbali, ikiwa ni pamoja na usindikaji wa mchuzi wa zabibu."

KalamuNyekundu

Hiyo ni taarifa kwa vyombo vya habari iliyoazima koti la makala. Hakuna mtu anayeipinga, kwa hiyo hakuna sababu ya kuisoma. Jiulize: nani hapa mjini atasema zabibu si zao muhimu? Kama hakuna, futa. Sentensi ya pili inasifu shirika, na mhariri wa makala akikutana na "mstari wa mbele" kwenye aya ya kwanza anafungua barua pepe inayofuata.

Op-ed inataka dai moja ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga. Moja. Mkurugenzi wako anataka nini kibadilike? Mafunzo zaidi? Matangi? Kodi? Kiwanda? Akijua hilo, makala imeshaandikwa nusu.

MtuWaKizota

Nimempata kwa simu dakika mbili, yuko Morogoro. Anasema: matangi ya pamoja ya kuhifadhia mchuzi vijijini yatangulie kabla ya semina nyingine yoyote, na halmashauri zitenge fedha kwa ajili hiyo.

KalamuNyekundu

Ahaa! Kumbe ana hoja, na inamgusa hata yeye mwenyewe anayeishi kwa semina. Hapo pana makala. Jaribu hivi, uirekebishe kwa unachokijua:

"Mkulima wa Hombolo akivuna zabibu na mnunuzi asitokee, hana muda wa kumsubiri. Tunda halikai. Kwa hiyo anakamua, anaufunga mchuzi kwenye mapipa ya plastiki nyuma ya nyumba, na kuanzia siku hiyo bei inapangwa na yeyote atakayefika kwanza na gari. Tumemfundisha mkulima huyu kupogoa, kupulizia dawa na kutunza kumbukumbu. Hatujampa mahali pa kuweka mchuzi wake. Naamini halmashauri zetu zijenge matangi ya pamoja kwanza, na semina zisubiri, zikiwemo za shirika langu."

Ona maneno manne ya mwisho. Hayo ndiyo yatakayomfanya msomaji aendelee. Mtu anayeanza kwa kukata mkate wake mwenyewe anasikilizwa.

BintiMvumi

Naomba niingilie hapo. Nimekulia kwenye mashamba ya zabibu Mvumi. Aya ni nzuri lakini mzee usiandike "anaufunga mchuzi". Mchuzi unachachuka wenyewe, unatoa gesi. Ukikaza kifuniko pipa linavimba tumbo, na ukija kulifungua povu linakurukia usoni. Sisi tunaufunika, hatuufungi. Kifuniko kinalegezwa, juu tunaweka kitambaa ili inzi na vumbi visiingie, na ukipita usiku unasikia unachemka taratibu kama uko jikoni. Mkulima akisoma "anaufunga" atajua aliyeandika hajawahi kukanyaga shambani, na hapo hata hoja ya matangi haitamwingia.

Halafu jambo lingine, tunavuna misimu miwili kwa mwaka. Kama makala itatoka wakati wa Bunge, angalia watu shambani wanafanya nini wakati huo. Msije mkaandika "wakati huu wa mavuno" watu wakiwa wanapogoa.

KalamuNyekundu

Binti, umenitendea alichonitendea mkulima mmoja miaka hiyo kwa barua ya kurasa tatu. "Anaufunika." Imebadilishwa.

Na hapa mleta uzi utaona kwa nini ukurasa ule ulifunguliwa kwa watu wa nje. Mimi nimekaa dawati la makala maisha yangu yote na sijui pipa linavimba. Huyu anajua. Kwa haki kabisa op-ed hii ingekuwa na jina la BintiMvumi juu yake.

BintiMvumi

Hahaha mzee, mimi Kiswahili cha gazeti sikiwezi.

KalamuNyekundu

Umeandika maneno mia moja na zaidi hapo juu bila "mstari wa mbele" hata mara moja. Unakiweza.

Chuo_Cha_Maisha

Hapo kwenye jina ndipo nina mgogoro napo. MtuWaKizota anaandika, KalamuNyekundu anarekebisha, BintiMvumi anasahihisha, halafu juu linakaa jina la mkurugenzi na picha yake ya tai. Huo si uongo? Mmetuambia ukurasa huu ni wa watu wenye majina yao.

KalamuNyekundu

Swali halali. Duniani kote wakubwa wanaandikiwa, na wahariri wanajua. Mimi nilikuwa na kipimo kimoja: nampigia simu mwenye jina na kumwuliza swali moja kuhusu hoja yake, jambo ambalo halimo kwenye makala. Akiweza kulijibu, makala ni yake hata kama kidole kilichobonyeza ni cha mwingine. Akisema "subiri nikuunganishe na afisa wangu", nachapa jina la afisa au siichapi kabisa. Waziri mmoja aliwahi kunikatia simu kwa hilo.

Ambacho sikuwahi kukisamehe ni kuficha maslahi. Kama shirika lenu lina mradi wa kujenga matangi, au mfadhili wenu anauza matangi, liandikwe chini kabisa kwa sentensi moja. Msomaji akiligundua mwenyewe baadaye, makala yote inageuka ulaghai, hata kama kila neno lilikuwa kweli.

Chuo_Cha_Maisha

Bado sijashawishika mzee. Mwanafunzi akiandikiwa insha anafukuzwa chuo, mkurugenzi akiandikiwa anapewa ukurasa. Na mbona kuna ile ya Septemba 2018, New York Times walichapa op-ed ya ofisa wa Serikali ya Trump bila jina lolote? Mwenyewe, Miles Taylor, alijitokeza Oktoba 2020. Kwa hiyo jina nalo si sharti.

KalamuNyekundu

Ile waliieleza hadharani kwamba ni jambo la nadra na kwamba wao wanamjua mwandishi. Watu waliilalamikia hata hivyo, wengine wakisema ukitaka kumshutumu rais weka jina lako. Mimi niko upande wa hao. Maoni yasiyo na mwenyewe tunayo ya kutosha humu ndani, wote tunaandika kwa majina ya bandia. Gazeti litupe kitu tofauti.

Kuhusu insha za wanafunzi sina la kukujibu. Umenishika.

KitiChaMbele

Swali la kizushi: kwa Kiswahili tuiiteje? "Tahariri mkabala"?

SautiYaAsubuhi

Ukisema "tahariri mkabala" redioni, wasikilizaji watadhani ni tahariri ya aina nyingine, turudi kulekule. Mimi nasema "maoni ya mgeni".

MzeeWaMakole

Magazeti yetu huweka tu "Makala" au "Maoni" juu ya ukurasa, wakamwaga humo kila kitu: safu, barua, uchambuzi, mgeni. Jina si shida kubwa. Waandike chini huyu mtu ni nani na anafanya kazi wapi. Mara nyingi unakuta jina na namba ya simu tu. Namba ya simu ya nini? Nataka kujua anakula kwa nani.

MtuWaKizota

Wakuu nimeandika yote, imefika maneno 1,400. Nataka niipeleke magazeti matatu kwa mpigo ili nisikose. Mzee unasemaje?

KalamuNyekundu

Makosa mawili kwa ujumbe mmoja.

Ipunguze hadi 700 au 800. Anza kukata kwenye historia ya zao, halafu kwenye kila sentensi inayoanza na "ikumbukwe kwamba". Weka aya moja inayokubali hoja ya upande wa pili: wapo watakaosema halmashauri hazina fedha, na matangi ya umma yataishia kuwa mabanda ya popo. Wajibu kwa heshima. Bila aya hiyo mbunge aliyekaa kwenye kamati hatasoma hadi mwisho.

Halafu gazeti moja tu. Mwandikie mhariri wa makala, aya fupi juu: hoja ni hii, mwandishi ni nani, kwa nini wiki hii. Mpe siku mbili tatu. Asipojibu, mpigie, mwambie unaiondoa, ndipo upeleke pengine. Ikitoka magazeti mawili siku moja, wahariri wote wawili watalikumbuka jina la mkurugenzi wako kwa ubaya. Na weka maneno kwenye barua pepe yenyewe, usimtumie picha ya karatasi yenye muhuri.

MtuWaKizota

Nimekata hadi 780. Imeuma. "Anaufunika" ipo, asante dada BintiMvumi. Mstari wa chini nimeandika kwamba shirika linatekeleza mradi wa usindikaji Chamwino na Dodoma Jiji. Nimemtumia mkurugenzi aipitishe, kajibu sasa hivi:

"Nzuri sana. Nimeongeza neno 'wahimizwe' aya ya tatu. Weka nembo ya shirika juu, nembo ya mfadhili chini, na picha ya uzinduzi."

KalamuNyekundu

Nembo hapana, zote mbili. Ukiziweka, mhariri ataihamishia dawati la matangazo na kesho asubuhi utapokea ankara. Picha ya uso wake inatosha, na isiwe ile anayokata utepe.

Na hilo "wahimizwe" liondoe kimyakimya.